Kura ya Kwenda Misri

Luxor, 6 Novemba 1999

Dada yangu Khole,

Assalaam alaykum, na wote waliomo nyumbani. Huku tu wazima. Wifi yako bado anagombana na ngazi za nyumba yetu ya Kairo, ghorofa ya tano, na lifti imekufa tangu mwaka jana. Watoto wamekua, kila mmoja na lake. Mimi nipo kwenye meli kama ilivyo ada, Luxor kwenda Aswan, Aswan kurudi Luxor, nawaeleza watalii habari za mafirauni mpaka nikilala naota nawaeleza.

Sasa kaa kitako. Jana mtu wa afisi yetu ya Kairo kanipigia simu melini. Akasema, "Ustadhi Sleyum, shemeji yako wa Maskati ameleta faksi. Anataka chumba kizuri, yeye na mkewe, safari ya tarehe kumi na mbili Februari." Nikamwambia arudie. Akarudia: "Yeye na mkewe." Dada, nilikaa juu ya kasha la soda pale jikoni nikalia mbele ya mpishi.

Miaka thelathini na sita. Nilipoondoka Unguja kuja kusoma nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita, ukanifungia visheti kwenye leso yako, na visheti vikaisha kabla meli haijafika Mombasa. Halafu yakatokea yaliyotokea. Nyinyi mkaenda Maskati, mimi nikabaki huku bila ya karatasi, kisha nikabaki bila ya pesa, kisha nikabaki tu.

Nimekuchagulia chumba cha juu chenye dirisha kubwa, upande wa magharibi, uone mashamba ya miwa na punda na wanawake wanafua. Safari ni siku nne. Nitakutembeza mwenyewe. Kuna hekalu moja la malkia limechongwa ukutani merikebu zilizokwenda nchi za kusini kuchukua ubani, na nitakuonyesha. Usilete kitu. Ila ukileta halua sitoirudisha.

Mdogo wako,
Sleyum


Wattaya, 28 Novemba 1999

Sleyum, kipenzi cha mama,

Nakujibu salamu zako zote na nyengine juu yake. Mwanangu Osama ndiye aliyeniletea barua yako kutoka posta, akanikuta nachambua mchele, na mchele ule mpaka leo haujachambuliwa. Yeye hajambo, bado yupo kwenye duka la magari hapa hapa Wattaya, na mkewe ana mimba ya miezi mitano. Thabit kastaafu wizarani. Siku nyengine yupo, siku nyengine hayupo, ana shughuli zake.

Habari hii ya safari nimeisikia kwako. Thabit hajaniambia hata neno. Nafikiri anataka kunifurahisha ghafla, jambo ambalo hajalifanya tangu tuoane, kwa hiyo nimeamua nimwachie alifanye mara moja. Nimekaa kimya, leo siku ya nane, na unanijua, kimya mimi kinanipa homa. Usipige simu juu ya jambo hili. Simu ipo sebuleni, na akiwepo ndiye anayeipokea.

Nijibu haya. Jua lenu la Februari likoje? Hao wazungu wanakaa nusu uchi melini au wanajisitiri? Viatu gani vya kutembelea kwenye mawe? Na hilo hekalu la ubani nataka kuliona la kwanza, kabla ya mengine, maana ubani naujua, na kama wamechonga uongo nitawaambia.

Halua nimeshaiagiza. Nimeshona na kanzu mbili. Osama ameniona nacheka peke yangu akaniuliza kama nimeugua.

Dada yako,
Khole


Wattaya, 14 Januari 2000

Ndugu yangu Sleyum,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Idi ilikuwa njema.

Sitokuja. Goti langu limenizidi na daktari hataki nipande ngazi. Thabit atakuja bila ya mimi. Usihuzunike, na usiniulize zaidi.

Khole


Kairo, 29 Februari 2000

Dada yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na jamaa. Barua yako ya Januari nimeipata baada ya safari. Ilikuja hapa Kairo mimi nikiwa mtoni, wifi yako akaiweka juu ya friji mpaka niliporudi.

Shemeji alifika. Alikuwa mzima. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, ila siku moja pale Edfu palivuma upepo wenye vumbi. Mto umejaa meli mwaka huu, tulingoja saa tano kupita kwenye malango ya maji ya Esna.

Goti lako linaendeleaje? Una lolote unalotaka kuniambia? Mimi nipo.

Sleyum


Wattaya, 2 Aprili 2000

Sleyum,

U mzima? Sisi wazima. Idi ya kuchinja ilipita, tukachinja, tukala. Mke wa Osama kajifungua mtoto wa kike wakamwita Fajr. Salamu zimekwisha.

Umenifanya mimi mjinga? "Shemeji alifika, alikuwa mzima, hali ya hewa ilikuwa nzuri." Hiyo ndiyo barua ya kuandikiwa mimi na ndugu yangu wa tumbo moja? Naulizwa goti! Goti langu halina kitu, na wewe ulikuwa unajua kuwa halina kitu, na mimi nilikuwa najua kuwa utajua, na tukaandikiana habari za upepo wa Edfu kama watu wawili waliokutana benki.

Siku ya tatu ya Idi alikuja Raghad hapa kwangu na albamu ya picha. Ndiyo, Raghad. Jina hilo sijawahi kukuandikia, ingawa wewe umeshakula naye meza moja. Ni mke wa pili wa Thabit. Kamuoa mwaka wa sita huu, kamjengea nyumba Qurum karibu na pwani, na mimi katika miaka sita yote hiyo nakuandikia habari za mvua na harusi za watu. Sikukwambia kwa sababu wewe ndiye mtu wa mwisho duniani ambaye kwake mimi bado ni Khole wa Vuga, niliyekuwa nikiwatupia mawe watoto wa kiume wakikuchokoza. Sikutaka mtu huyo anionee huruma. Sasa umeshajua, huruma yako kaa nayo.

Akafungua albamu. Hili hekalu, hili sanamu, huyu ngamia. Mara nakuona wewe. Umesimama baina yao, Thabit kulia na yeye kushoto, kinywa wazi unacheka, na kichwa kinang'aa kama sahani ya shaba. Picha yako ya mwisho uliyoniletea ulikuwa na nywele. Sleyum, miaka thelathini na sita naomba nikuone, na upara wako nimeuona mara ya kwanza kwenye albamu ya mke mwenzangu! Ikabidi nimimine kahawa, nimpe, nimwambie, "Maa shaa Allah, mlistarehe." Halikumwagika hata tone, wallahi, kwa hilo najisifu mwenyewe.

Sasa nakwambia ilivyokuwa, uone kama nna haki ya kukasirika au sina. Ramadhani nzima nilikaa kimya nikingoja Thabit aseme. Siku ya pili ya Idi nikashindwa. Nikamwendea nikamshika mkono, nikamwambia, "Nakushukuru kwa safari ya Misri." Akageuka rangi. Akauliza, "Nani kakwambia?" Nikamwambia ndugu yangu. Akasema, "Tiketi bado haijakatwa. Nna wake wawili, siwezi kudhulumu. Sunna ya Mtume, mtu akisafiri na mmoja hupiga kura. Ijumaa tutapiga."

Na mimi nikaona haki. Nikampenda zaidi siku ile, mwendawazimu mimi. Ijumaa tarehe kumi na nne, baada ya chakula, akaandika karatasi mbili kwa mkono wake, akazikunja, akazitia kwenye finjani. Akamwambia Osama, "Vuta wewe, mkono wako hauna upande." Osama akavuta, akafungua, akasoma: Raghad. Thabit akaichukua ile ya pili akaitia mfukoni mwa dishdasha. Nilimwona. Hakuna aliyemwambia aifungue. Nani atamdai mumewe afungue karatasi ya pili na yeye ametaja sunna? Mwanangu akanitazama kama aliyevunja chombo changu. Nikamwambia, "Mungu kapanga." Usiku nikakuandikia habari ya goti.

Kura nimeikubali, na Mungu shahidi wangu. Nisichokikubali ni wewe. Uliwapokea. Ukawatembeza. Ulimwonyesha na hekalu la ubani? Ulicheka nini pale? Akili ni nywele, na zako naona zimekwisha.

Khole


Kairo, 24 Aprili 2000

Dada Khole,

Salamu zako zilikuwa fupi, na zangu ziwe fupi, ila mpe Osama pongezi za mtoto. Kila tusi ulilonitukana nimelisoma mara mbili na mengi nayastahiki. Lakini na wewe una lako. Mficha uchi hazai. Ungelinambia mwaka ule wa kwanza kuwa kuna Raghad, haya yasingetokea, maana afisi iliponiambia "yeye na mkewe" ningeuliza mke yupi. Shemeji naye alidhani najua. Hakupata kufikiri kuwa mke anaweza kumficha ndugu yake jambo kama hilo miaka sita. Kwa hiyo hakuona aibu kuniletea.

Siku ile nilivaa kanzu na kofia ya viua niliyokuja nayo kutoka Unguja. Mabaharia wakanicheka. Pale Luxor meli hufungwa ubavu kwa ubavu, mgeni hupita ndani ya moja kuingia nyengine, basi nilisimama mlangoni naangalia watu wanavyotokea. Akatokea shemeji, na nyuma yake mwanamke. Nikampa mkono, kisha nikachungulia nyuma ya yule mwanamke, nikikutafuta.

Shemeji akaniuliza, "Unamtafuta nani?"

"Dada."

"Khole hakuja. Huyu Raghad."

Alisema vile kama anayenitajia saa. Nikasimama na kofia yangu kichwani. Ningefanya nini? Nimwingize mtoni? Ni mgeni wa meli, na mimi mshahara wangu unatoka kwa wageni wa meli. Nikasema, "Karibuni." Toka siku ile neno hilo nalichukia.

Nikawatembeza siku nne, na kila siku damu ikinichemka. Pale Kom Ombo kuna hekalu la miungu wawili wa makafiri wale, mmoja kichwa cha mamba, mmoja kichwa cha kipanga. Watalii wengine nawaeleza kwa dakika ishirini. Siku ile nilichukua saa nzima. Nikamshika shemeji mkono nikampeleka kati, nikamwambia, "Angalia. Nyumba moja, wenyewe wawili. Milango miwili, kumbi mbili, vyumba vya ndani viwili. Walipima kwa kamba ili mmoja asipate shibiri moja zaidi ya mwenziwe. Na hawa, shemeji, hawakushushiwa kitabu."

Akasema, "Maa shaa Allah, mafundi hawa," akampa mtu kamera atupige picha. Hapo ndipo hicho kicheko unachonigombeza. Ni kicheko cha kazi, dada, nacheka hivyo mara mia kwa siku. Aliyefahamu alikuwa Raghad. Tulipokuwa tunarudi melini akabaki nyuma na mimi, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na Bi Khole, kwa nini hakuja? Nilimwambia baba Osama tuje sote." Nikamwambia sijui. Sikuwa najua.

Hekalu la ubani sikuwapeleka. Nilisema limefungwa kwa matengenezo. Ni uongo wa kwanza kumwambia mgeni katika miaka ishirini na mbili ya kazi, na sijautubia.

Nilinyamaza kwa sababu nilisema, kama Khole hataki kuniambia, mimi ni nani wa kumvua nguo? Lakini sasa umenitajia kura, na tarehe yake, na neno hilo limeniondoa usingizi. Jana nikaenda afisini nikaomba faili ya safari ile. Ndani yake nimekuta faksi ya shemeji. Kwa simu nilisomewa "yeye na mkewe" tu, karatasi yenyewe sikupata kuiona. Nakutilia fotokopi, ukae kabla ya kuisoma. Ni ya tarehe ishirini na nane Oktoba. Jina la kwanza Thabit. Jina la pili Raghad, na nambari ya pasipoti yake.

Oktoba, dada. Kura mmepiga Januari. Karatasi ile aliyoitia mfukoni sikuiona, lakini naijua imeandikwa nini, na wewe unajua.

Sleyum


Wattaya, 28 Mei 2000

Sleyum, ndugu yangu,

Barua hii anakuja nayo mtu wa jirani yetu anayekwenda Kairo kutibiwa macho, kwa hiyo utaipata mapema, na usiniambie iliwekwa juu ya friji. Fajr hajambo, ananyonya na kulia. Osama kakonda kidogo. Utajua kwa nini.

Fotokopi yako niliiweka chini ya mto siku tatu. Si kwa kuogopa. Nilikuwa nataka Ijumaa, saa ile ile, watu wale wale. Nikapika biriani ya nguru kwa mkono wangu. Nikatandika, nikaweka sinia, nikaweka ndimu na pilipili, na karatasi nikaiweka mbele ya Thabit pale pale unapokaa mkate.

Akaisoma. Akasema, "Hii ya nini? Mambo yaliyokwisha."

Nikamwambia, "Soma tarehe."

"Nilikuwa nashika nafasi tu."

"Nafasi hushikwa kwa nambari ya pasipoti ya Raghad?"

Akasema nisipandishe sauti mbele ya mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na mbili! Nikaipandisha. Nikamwambia, "Thabit, ungelinambia, 'Khole, namtaka Raghad safari hii,' ningelia, ningelala, ningeamka. Mume ana moyo, simshiki moyo. Lakini umeichukua sunna ukaitia kwenye finjani ukaifanya kiini macho. Na mkono ulioutumia ni wa mwanangu. Miaka sita sijakuuliza ulilala wapi, sijamtukana mwenzangu, sijamwambia hata ndugu yangu. Heshima yote ile ulikuwa unailipa kwa karatasi mbili zenye jina moja?"

Hakusema kuwa si kweli. Sleyum, nilingoja aseme, ningeliridhika hata na uongo mwengine mdogo. Alichukua mkate akaukata vipande vipande bila ya kula. Osama aliinuka akanawa mikono naye hajatia tonge. Akasimama mlangoni akasema, "Baba, pasipoti ya mama iko wapi?" Baba akasema iko kwenye sanduku la chuma. Akasema, "Naiomba." Sijapata kumsikia mwanangu akitumia sauti ile, na sitaki kuisikia tena nyumbani kwangu, lakini siku ile ilinifaa.

Kwa siku tano zilizofuata nimepewa kila kitu. Kwanza seti ya bangili za dhahabu, nikairudisha na sanduku lake. Kisha Umra, nikasema Umra nitakwenda kwa nia yake, sitoitia kwenye fidia. Kisha akaja na kauli kuwa atanichukua mwenyewe Misri mwezi wa Novemba, mimi na yeye, chumba kile kile. Chumba kile kile! Nikamwambia safari hii haina mume. Atanisindikiza Osama, na ruhusa aiandike kwa mkono wake, atie na sahihi, maana mwandiko wake mzuri tumeshauona. Kaandika. Raghad kaniletea begi lake kubwa lenye magurudumu, akaniomba radhi kwa macho. Simchukii. Yeye naye alitembezwa tu.

Wananiambia Juni si wakati, Luxor inaunguza, watalii wenyewe wamekimbia. Mimi naishi Maskati, anitishe nani kwa joto?

Mafirauni wako niwekee mwisho. Wakae, wamekaa sana. Meli nitapanda ikiwa nitapenda, na nisipopenda nitakaa ghorofa ya tano na wifi yangu tuzitukane ngazi pamoja. Nna jambo moja la kuja kulifanya, na halifanyiki kwa barua. Wewe ulimwona mwanamke ameshuka mahali pangu mwezi wa Februari, na ukaniacha mpaka Aprili namkaribisha Thabit chai, namkunjia dishdasha, najiambia Mungu kapanga. Uliniuliza goti. Hilo sijakusamehe, Sleyum. Nakuja kukugombeza uso kwa uso, na itachukua siku nyingi, kwa hiyo omba likizo.

Jumanne, tarehe ishirini Juni, ndege ya asubuhi. Wewe upara wako naujua. Mimi hutonijua, nimenenepa na mvi zimejaa, na usihangaike kuuliza watu. Simama nje ya mlango. Ukimsikia bibi mmoja anapiga kelele kwa Kiswahili, ndiye.

Dada yako,
Khole